Mkubwa Mgeni na Desturi za Wenyeji

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alifika kwetu Mutshatsha kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa na mfuko mgongoni na furushi la karatasi mkononi, akaomba aonyeshwe watu waliofanya kazi katika migodi ya upande wa Kolwezi, au wanaofanya bado. Kijana mwenye adabu: alisalimu wazee kabla ya kuketi, na watoto hakuwapita. Alipoulizwa shida yake alisema kwamba anasoma namna makampuni ya mataifa ya mbali yanavyowaongoza wafanyakazi wa desturi nyingine. Ndiyo elimu aliyoichagua, na akiimaliza vema atapewa shahada.

Basi tukamketisha chini ya mwembe, kwa mzee mmoja aliyemaliza miaka mingi mgodini kabla ya kurudi kwao kulima mihogo. Kijana akafungua karatasi zake, akasoma swali la kwanza. Lilikuwa refu, maana lilieleza wakubwa wa namna nne. Wa kwanza huamua peke yake, akataka atiiwe upesi. Wa pili huamua peke yake vilevile, lakini huwaeleza watu sababu. Wa tatu huwauliza watu wake kwanza, ndipo akaamua. Wa nne huitisha mkutano, jambo likasemwa mpaka wote wapatane. "Je, baba, wewe ungependa kufanya kazi chini ya mkubwa yupi?"

Mzee alifikiri kidogo, akajibu: "Yule anayelipa siku ya kulipa."

Tulicheka wote, na kijana pia alicheka. Lakini jibu hilo halikuwa na mahali katika karatasi. Palikuwa na vijumba vinne vya kutia alama, basi. Kijana aliliandika pembeni kwa kalamu ndogo. Kisha mzee naye akamwuliza: "Na wale wakubwa wageni, mwanangu, wao umewauliza nini?" Kijana akasema kwamba karatasi hizi zimetengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi tu.

Tangu siku ile nimefikiri mara nyingi juu ya mambo hayo mawili: jibu lisilo na kijumba, na wakubwa wasioulizwa. Nataka tuyatazame pamoja, wasomaji wapenzi, maana katika nchi yetu ya shaba karibu kila nyumba ina mtu anayeamriwa na mgeni, au anayetafuta mgeni wa kumwamuru.

Kwanza tusiidharau elimu ya kijana yule. Ina baba yake, naye ni Mholanzi mmoja, jina lake Geert Hofstede. Huyu alifanya kazi katika kampuni ya IBM ya Marekani, iliyouza mashine za kuhesabu katika nchi nyingi. Kati ya mwaka 1967 na 1973 kampuni iliwapa wafanyakazi wake karatasi za maswali duniani pote, zikarudi zaidi ya 100,000. Hofstede alizipanga nchi kwa nchi. Aliona kwamba watu wa kampuni moja, wenye kazi ileile, walijibu mbalimbali kwa kadiri ya nchi walikotoka. Mwaka 1980 akatoa kitabu kikubwa, na tangu hapo wasomi wa biashara za kimataifa wameendelea kukijenga, kukisahihisha na kukigombea. Lile swali la wakubwa wa namna nne limetoka huko.

Alizipa nchi hesabu, kama mwalimu anavyotoa alama. Kwa mfano, alipima jinsi wadogo wanavyokubali kwamba mamlaka yasigawanywe sawasawa: Marekani ilipata 40, na "Afrika Mashariki" 64. Akapima kama mtu hujiona kwanza ni yeye mwenyewe au kwanza ni wa jamaa yake: Marekani 91, "Afrika Mashariki" 27. Afrika Mashariki yake ilikuwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia, zote katika kapu moja, kwa kuwa karatasi za kila nchi zilikuwa chache. Kongo haimo.

Mwenyewe alionya kwamba hesabu ya nchi si hesabu ya mtu. Ukisema nchi fulani ina watu warefu hujasema kwamba jirani yako ni mrefu. Lakini onyo hili husahauliwa upesi mno. Mgeni huja na kijitabu chake, amesoma usiku mmoja hotelini kwamba Mwafrika hupenda mkubwa mwenye nguvu, na kesho yake asubuhi anapiga meza. Akiona watu wamenyamaza, anasema: kitabu ni kweli. Hajui kama wamenyamaza kwa desturi au kwa sababu mkataba wao unakwisha mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo penye shida yangu. Watu wa nchi ya shaba wamekwisha kusomwa desturi zao mara nyingi, tena na watu hodari.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza watu waliletwa kazini kwa miezi michache wakarudishwa makwao, wengi wakiwa wagonjwa, na wengine hawakurudi. Karibu na mwaka 1928 kampuni ikageuza njia. Iliwaruhusu wafanyakazi kuja na wake zao, ikawajengea kambi, ikawapa posho ya unga, hospitali kwa wazazi, shule kwa watoto, nazo shule zikatunzwa na misioni. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga wa desturi zetu. Walijua kwamba mwanamume aliye na mke na watoto karibu naye hatoroki. Walijua kwamba kwetu mkubwa ni kama baba, nao wakajifanya baba: baba anayelisha, anayeponya, anayepima hata usafi wa nyumba, na mama akijifungua anapewa zawadi. Mengi katika hayo yalikuwa mema, na wazee waliolelewa kambini huyakumbuka kwa machozi. Sitaki kuwacheka.

Lakini tuangalie lilitokea nini siku watoto walipomwomba baba nyongeza. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, vitu vilikuwa vimepanda bei na kazi imeongezwa, wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika kiwanja cha mpira cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Askari wakapiga risasi, wakafa watu makumi. Yule mkubwa aliyejua kwamba kwetu baba husikiliza watoto wake, siku ile hakusikiliza.

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikawa mali ya serikali yetu, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Baba alikuwa sasa mtu wa nyumbani, posho na shule zikaendelea, hata mambo yalipoharibika. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kutoa kitabu mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi hao, na jina la kitabu, tukiligeuza Kiswahili, ni hili: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Sijui kama kuna jina lingine lingefaa zaidi.

Ndiyo kusema, mtu anaweza kuzijua desturi zako kabisa na kuzitumia kama mvuvi anavyotumia chambo. Samaki naye akisifiwa kwamba anapenda minyoo, je, amepata heshima?

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake hazina budi kutajwa hapa, maana alikaa Kolwezi na wengine kati yenu mlisikia jina lake kwa wazazi wenu. Ni Padri Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji. Alifika Kongo mwaka 1933, akakaa kwa Waluba. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba miaka ya kwanza alikuja kama mwalimu na mwenye amri. Yeye alijua, watu hawakujua. Kisha akaanza kuwauliza watu ni akina nani, wanawaza nini, wanatamani nini. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu kilitolewa kwa Kifaransa huko Elisabethville. Alisema humo kwamba Wabantu wana hekima iliyopangika, nayo imejengwa juu ya uzima, nguvu ya uhai, inayoongezeka au kupungua kwa kadiri mtu anavyoungana na wenzake. Askofu mmoja hakupendezwa. Tempels akarudishwa Ulaya miaka michache, na aliporudi akawekwa Kolwezi, katika makambi ya wachimba shaba.

Kitabu hicho kilisifiwa na wengi. Lakini mwaka 1950 mshairi wa Martinique, Aimé Césaire, alikipiga kwa maneno makali, nami nikiri kwamba nilipoyasoma mara ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya padri. Césaire alisema kwa dhihaka: tazama jinsi jambo hili linavyowafaa wenye makampuni! Mfanyakazi asingeomba tena mshahara mwema, wala nyumba njema, wala chakula. Lililo kubwa kwake, wanaambiwa, ni kwamba mzungu aheshimu filosofia yake. Basi mheshimuni filosofia yake, haina gharama, na shaba iendelee kupakiwa.

Je, Césaire alimwonea Tempels? Nadhani alimwonea kidogo mtu, lakini hakukionea kitabu. Kwa maana kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wakoloni wenye nia njema, kuwafundisha wawaelewe Waafrika ili wawaongoze vizuri zaidi. Mwafrika alisemwa humo, hakusemeshwa. Naye Tempels, nadhani, alilijua pungufu hilo, kwa sababu alichofanya Kolwezi baadaye kilikuwa kitu kingine. Mwaka 1953 kikundi cha mume na mke, mume na mke, walianza kukutana naye, na hiyo ndiyo iliyoitwa Jamaa. Walizungumza juu ya uzima, uzazi na mapendo. Padri hakuketi kama mwenye karatasi za maswali. Aliwaambia wao ni akina nani kwake, nao wakamwambia yeye ni nani kwao. Alifunuliwa kama alivyowafunua. Jamaa ilipata shida zake baadaye na wakubwa wa Kanisa, nami siingii humo. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa kwao mwaka 1977.

Nimeweka mambo haya mawili kando kwa kando, kitabu cha 1945 na Jamaa ya 1953, maana mtu ni yuleyule na desturi ni zilezile, lakini kati yake kuna tofauti ninayoitafuta. Mara ya kwanza mgeni alijifunza juu ya watu. Mara ya pili alikubali na yeye ajulikane. Lakini hata hivyo lile neno la Césaire linabaki pale pale: mshahara wa mchimba shaba haukuwa mikononi mwa padri, na katika mikutano ile, kwa kadiri nijuavyo, mwenye kuutia saini hakuketi.

Sasa tuje siku zetu. Katika eneo hili letu la Mutshatsha, magharibi ya Kolwezi, kuna mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Wenyewe ni Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, kila mmoja na fungu sawa na la mwenzake, na serikali ya Kongo ina asilimia 20. Humo watu wa mataifa mengi huamkiana kila asubuhi. Mashariki yetu, Fungurume, mgodi wa Tenke ulikuwa wa Wamarekani wa Freeport-McMoRan, na mwaka 2016 wakauza fungu lao kwa China Molybdenum. Watu wengi walilala wafanyakazi wa Marekani wakaamka wafanyakazi wa China, na shimo ni lilelile.

Wasomi wameona hapo shamba zuri la kulima. Na sisi wenyewe tuna maneno tayari mdomoni: Wachina wako hivi, Wazungu wako vile, Wahindi usiulize. Wanaosema hivyo aghalabu hawajui hata kama Zijin ni kampuni ya jimbo la Fujian, kusini pwani, ambako watu wana lugha zao na vyakula vyao kama Mluba na Mchokwe walivyo na vyao. Tunakasirika mgeni akisema "Waafrika", halafu tunasema "Wachina".

Mwanamke mmoja msomi, Ching Kwan Lee, alikaa muda mrefu ng'ambo ya mpaka, katika migodi ya Zambia, akashuka hata shimoni, ili kujua kama Wachina kweli ni mabwana wa namna ya peke yake. Mwaka 2017 akatoa kitabu. Huko Chambishi, mgodi wa kampuni ya serikali ya China, aliona mishahara ilikuwa ya chini kuliko ya majirani. Na watu hawakuwa wamesahau mwaka 2005, kiwanda cha baruti cha Wachina kilipolipuka palepale Chambishi kikaua Wazambia zaidi ya 40. Lakini bei ya shaba ilipoanguka mwaka 2008, makampuni mengine yalifukuza watu kwa maelfu, nao Wachina wa Chambishi waliwabakiza watu wao. Je, hiyo ni desturi ya Kichina? Lee asema hapana: ni namna ya fedha. Fedha ya serikali ya China ilitaka shaba ipatikane miaka mingi, na urafiki na serikali ya Zambia, basi ikavumilia hasara. Fedha ya wenye hisa wa London ilitaka faida ya mwaka ule. Kila mmoja aliwatendea watu kwa kadiri ya alichokuja kutafuta, kisha watu wakakiita desturi.

Hilo nimelipenda, kwa sababu linatupa namna ya kupima. Mkubwa akikuambia, "Kwetu ndivyo tunavyofanya kazi," umwulize kwa upole kama huko kwao pia mtu hufanya kazi miaka mitano kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Mwaka 2021 chama cha RAID cha Uingereza na CAJJ ya Kolwezi, wanaosaidia watu katika mambo ya sheria, walitoa taarifa juu ya migodi mitano mikubwa ya huku kwetu. Waliona zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawaajiriwi na mgodi wenyewe bali na makampuni ya katikati, yanayokodisha watu. Mtu wa namna hii huvaa kofia ya mgodi, huchimba mwamba wa mgodi, akiumia huambiwa wewe si wetu. Jambo hilo si la Kichina wala la Kizungu wala la Kikongo, ingawa, tuseme kweli bila kuoneana aibu, kampuni hizo za katikati mara nyingi wenyewe ni ndugu zetu, wanaojua desturi zetu kuliko mtu yeyote.

Je, basi desturi ni kitu bure, na kijana yule arudi nyumbani? La. Kuna mahali ambapo desturi ni jambo lenyewe, wala fedha haitoshi kulieleza. Nichukue mfano mmoja unaofika ofisini karibu kila juma: kilio.

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 humpa mfanyakazi siku chache za msiba. Inahesabu ndugu kwa madaraja: baba, mama, mtoto na mke ni daraja ya kwanza, babu, bibi na ndugu wa tumbo moja ni daraja ya pili. Hapo inakoma. Ndugu ya baba, kwa hesabu hiyo, ni daraja ya tatu, na mjomba vilevile. Hawamo.

Tuseme sasa wafanyakazi wawili wa zamu moja, mmoja Mluba, mmoja Mchokwe. Mluba amefiwa na ndugu mdogo wa baba yake. Anakwenda ofisini anasema, "Baba amefariki." Hakusema uwongo, kwa lugha ya mama yake huyo ni baba, na ndiye aliyemlipia shule. Anapewa siku zake. Mwaka unaofuata anafiwa na baba aliyemzaa, anakwenda tena: "Baba amefariki." Mkubwa anafungua daftari, anacheka, anawaita wenzake waone mtu mwenye baba wawili. Hadithi hii imekwisha kusimuliwa mezani kwa wageni tangu siku za Wabelgiji, na kila mgeni mpya hudhani ni mpya.

Yule Mchokwe ana shida kubwa zaidi. Kwao ukoo hupita kwa mama. Mjomba ndiye kichwa, ndiye anayejibu kwa ajili yake akioa, akishtakiwa, akiugua. Mjomba akifa, yeye asipoonekana kwenye kilio atajibu mashtaka mbele ya ukoo mzima. Lakini hawezi kusema "baba", maana hata kwa lugha yake mjomba si baba. Akisema kweli hapati siku. Akitaka siku aseme uwongo wazi. Sheria moja, karatasi moja, mmoja anabaki mkweli na mwenzake anakuwa mwongo, wala hakuna aliyekusudia hivyo. Na mkubwa aliyesoma kwamba "Waafrika wanapenda jamaa" hajasaidiwa neno, kwa kuwa hao wawili ni Waafrika wote wawili.

Je, huyo Mchokwe akiandika "baba" ametenda dhambi? Nimewauliza watu kadhaa wenye akili. Wengine walisema, uwongo ni uwongo. Mmoja, mama mzee, alisema anayekunyima mlango asikushangae dirishani. Mimi nadhani amesema uwongo kweli, na kwamba sehemu kubwa ya uwongo huo ni ya yule aliyetengeneza karatasi. Lakini sitaki kupita upesi upande wa pili. Mgodini zamu haingoji. Mtu asipokuja, mwenzake hubaki shimoni saa nyingine nane, amechoka, na mtu aliyechoka karibu na mashine ni hatari. Nasi tunajua, tusifiche, kwamba wako wanaozika shangazi yuleyule mara tatu. Kusema tu "heshimuni desturi zetu" kwa mkubwa mwenye hesabu ya zamu ni kumwachia mwenzako mzigo.

Kwa maoni yangu ingewezekana hivi. Mtu siku anapoandikwa kazi, aulizwe majina ya watu watano ambao akifiwa nao lazima aende, na awataje kwa jina, bila kuulizwa daraja. Mluba ataandika baba zake wawili, Mchokwe ataandika mjomba, na mzaliwa wa kambi labda ataandika jirani aliyemlea. Watano, si zaidi, na anayekwisha kuandikwa habadilishwi ovyo. Hesabu ya zamu itajulikana, na uwongo utakuwa hauna kazi. Sijaona mgodi uliofanya hivyo. Lakini tazameni, desturi imeingia katika mkataba kama haki, ikaacha kuwa hadithi ya mezani. Na haikumlazimu mkubwa kuwa mjuzi wa makabila, ilimlazimu kuuliza.

Na akiuliza, aulizwe naye. Watu wachache wa kwetu wanajua kwamba katika China ya zamani afisa wa mfalme aliyefiwa na baba au mama aliacha kazi yake akaomboleza miezi 27. Miezi, si siku! Wajukuu wa watu hao sasa wanalala ndani ya ua wenye waya, kilomita nyingi na makwao, wanakula pamoja, wanafanya kazi siku ambazo sisi tunapumzika, na likizo yao ni mara moja kwa mwaka kama bahati iko. Wanapoona Mkongo anaomba siku nne, wengine hukasirika. Sisi tunasema hawana utu. Labda wanakasirika kwa sababu wao hawakupewa hata moja.

Hayo ya mwisho sikuyatoa kichwani. Mwezi wa Novemba kijana yule alirudi. Alisema lile swali la mzee lilimsumbua, akatengeneza karatasi ya pili, ya wakubwa, akazunguka nayo Kolwezi. Wengi hawakumpokea. Mmoja alimpokea, Mchina, msimamizi wa mafundi, kwa msaada wa mkalimani. Kijana alimwuliza hilo la kilio. Yule bwana akanyamaza muda, kisha akasema kwamba babu yake, ambaye ndiye aliyemlea, alizikwa wakati yeye yuko hapa Lualaba. Aliona mazishi katika simu, usiku, kisha asubuhi akaenda kazini. Hakumwambia mtu yeyote kazini, wala Mkongo wala Mchina. Mkalimani, mtoto wa hapa hapa, alisita kabla ya kuligeuza neno hilo.

Tulikuwa chini ya mwembe uleule. Mzee wetu aliweka chini kikombe chake cha maji. Akauliza huyo babu aliitwa nani.

Kijana akapekua karatasi zake zote mbili. Alikuwa hakuuliza.